Karne ya Kumi na Saba ni ya Nani? Hoja Dhidi ya Kipimo Kimoja cha Wakati katika Fasihi ya Kajiado

1.0 Utangulizi

Makala haya yanapinga desturi moja ya uhakiki wetu ambayo imezoeleka kiasi cha kutoonekana tena kuwa ni desturi. Ni ile ya kuigawa historia ya fasihi ya Afrika Mashariki kwa karne za kalenda ya Ulaya, kisha kuzipima jamii zetu kwa kutazama kila moja imejaza karne ngapi. Tumechagua karne ya 17, yaani miaka ya 1601 hadi 1700, kwa sababu hapo ndipo kasoro ya desturi hiyo inapojitokeza waziwazi. Tumechagua Kajiado, na ndani yake Kitengela na nyika za Ilkaputiei, kwa sababu hapo ndipo madhara yake yalipoonekana si katika vitabu tu bali katika ardhi.

Tazama jinsi karne hiyo inavyogawanywa katika mihtasari ya kozi zetu. Ulaya imejaa: Cervantes anatoa riwaya yake katika sehemu mbili, 1605 na 1615, Shakespeare anafariki 1616, Milton anachapisha utenzi wake mkuu 1667. Pwani ya Waswahili inapewa nusu ukurasa, nao huhusu Wareno kuliko washairi. Kajiado haipewi hata mstari. Mwanafunzi wa uzamili anayetafiti ngano za Ilkaputiei huambiwa aandike kwamba data yake ni ya "kabla ya ukoloni", kisha aendelee na uchanganuzi. Maneno hayo matatu yanachukuliwa kuwa tarehe. Sisi tunadai kwamba si tarehe hata kidogo. Ni namna ya kukataa kutoa tarehe.

Tusieleweke vibaya. Hatudai kwamba Kajiado ilikuwa na Milton wake aliyesahauliwa, wala hatutaki kuvumbua matini ambazo hakuna ushahidi wa kuwako kwake. Hoja yetu ni kwamba utupu wa karne ya 17 katika Kajiado ni zao la kipimo, si la mahali penyewe. Na kwamba mhakiki anayeupokea utupu huo bila kuuhoji amekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikia simulizi moja.

2.0 Jinsi karne ilivyopata hadhi

Karne haina hadhi ya kuzaliwa nayo. Hupewa. Karne ya 17 ya Ulaya ilipewa sehemu kubwa ya hadhi yake katika mjadala wa wanahistoria uliopamba moto miaka ya 1950, ulioanzishwa na Eric Hobsbawm mwaka 1954 na kuendelezwa na Hugh Trevor-Roper mwaka 1959. Wote wawili, kila mmoja kwa sababu zake, walidai kwamba misukosuko ya Ulaya ya wakati huo ilikuwa mgogoro mmoja mkuu, na kwamba nyuma ya mgogoro huo ulikuwako mlango wa usasa. Tangu hapo karne hiyo imekuwa kizingiti: aliyevuka anaitwa wa kisasa, asiyevuka anasubiri.

Sasa tukumbuke kwamba ni Trevor-Roper huyohuyo aliyesema, katika mihadhara yake ya Chuo Kikuu cha Sussex mwaka 1963, kwamba historia ya Afrika ni ile ya Wazungu waliokuwa Afrika tu, na kwamba yaliyobaki ni giza lisiloweza kuwa somo la historia. Wasomi wetu wamemjibu mara nyingi na kwa haki. Lakini wamemjibu kana kwamba kauli ile ilikuwa ulimi ulioteleza wa mtu mwenye chuki. Hatuoni hivyo. Mtu aliyeipa karne moja ya Ulaya uzito wa dunia nzima, na mtu aliyelinyima bara zima karne zote, alikuwa akitumia rula moja. Rula hiyo hupima karatasi. Palipo na karatasi nyingi pana mgogoro, mabadiliko na maana. Pasipo na karatasi pana giza. Kumlaani mwenye rula huku tukiendelea kupimia kwa rula yake ni kazi bure.

Na ndivyo tulivyofanya. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe. Waraka ule ulihusu mahali zaidi ya wakati: ulitaka Afrika iwe katikati na fasihi simulizi iwe kiini cha masomo. Ushindi wake ni urithi wetu. Hata hivyo kalenda haikuguswa. Fasihi simulizi iliingizwa darasani ikiwa imevuliwa wakati. Ikawekwa mwanzoni mwa muhula, kabla ya "historia" kuanza.

Kwa Kajiado matokeo yake ni kichekesho. Wilaya ile, ambayo sasa ni kaunti, ina Olorgesailie, palipochimbuliwa shoka za mawe za mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Kisha, katika vitabu vingi, anatokea Joseph Thomson akipita kuelekea Ngong mwaka 1883. Baina ya shoka na Thomson hakuna kitu. Mahali pamepewa umri mrefu kuliko Ulaya yote, kisha pakanyimwa karne.

3.0 Pwani nayo haikai ndani ya sanduku

Pengine msomaji atasema kwamba tatizo ni la bara tu, kwa kuwa pwani ina hati na tarehe. Tuitazame pwani basi.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593. Mwezi wa Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, aliwaasi Wareno na kuitwaa ngome. Mwezi wa Machi 1696 Waomani waliizingira, nayo ikaanguka Desemba 1698. Kwa kalenda ya Ulaya, karne ya 17 ina maasi na anguko. Ujenzi uko nje, katika karne iliyotangulia. Kwa kalenda ya Hijra, iliyokuwa kalenda ya Waislamu wa Mombasa, karne ya 11 ilianza Oktoba 1592 na kumalizika Oktoba 1689. Ndani yake mna ujenzi na maasi. Anguko liko nje. Karne ya kwanza inasimulia habari ya dola inayoporomoka. Ya pili inasimulia habari ya kuta zilizojengwa na mtu wa nyumbani aliyezikataa. Matukio ni yaleyale, lakini msuko umebadilika. Nasi wahakiki, ambao kazi yetu ni kuchunguza msuko, tunawezaje kuuchukulia mpaka wa karne kuwa si sehemu ya msuko?

Hata Wazungu wenyewe hawakukubaliana. Wareno walifuata marekebisho ya Papa Gregori tangu 1582. Waingereza waliyakataa hadi 1752. Katika karne tunayoizungumzia, siku ileile ya bahari ileile iliandikwa kwa tofauti ya siku kumi kati ya jahazi moja na jingine. Waswahili nao walikuwa na mwaka wao wa jua, wa Nairuzi, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi pamoja na siku tano za nyongeza. Neno "mwongo" ambalo leo tunalitumia kwa miaka kumi lilihesabu siku kumi za baharia.

Isitoshe, kama kigezo ni maandishi ya Kiswahili yenye tarehe isiyobishaniwa, pwani nayo inashindwa mtihani. Barua za Kiswahili zilizohifadhiwa Goa ni za mwaka 1711. Utendi wa Tambuka hupewa mwaka 1728. Hamziya, ambayo baadhi ya wataalamu huiweka mwaka 1652, wengine huiweka katikati ya karne ya 18. Kwa hiyo karne ya 17 ya fasihi andishi ya Kiswahili inaning'inia kwenye tarehe moja yenye ubishi. Anayeicheka Kajiado kwa kukosa karne aangalie kwanza uzi unaoishikilia yake.

Na hizo hati za mawe je? Juu ya lango la Ngome ya Yesu kuna maandishi ya Kireno yanayoeleza jinsi kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ukapteni mwaka 1635 akiwa na miaka 27, alivyoikarabati ngome na kuwatiisha watu wa pwani mji kwa mji. Wanahistoria huyasoma kama rekodi. Mhakiki wa fasihi simulizi akiyasoma atayatambua mara moja: kijana anajitaja jina, anataja umri wake, anaorodhesha aliowashinda. Hayo ni majigambo. Majigambo ya morani wa Kajiado yana muundo huohuo, ila hayakuchongwa kwenye jiwe. Moja tumeliita ushahidi, jingine tumeliita utanzu.

4.0 Karne na rika

Neno "karne" limetoka katika neno la Kiarabu "qarn". Kabla neno hilo halijafungwa kwenye hesabu ya miaka mia moja, lilikuwa na maana ya watu wa zama moja, kizazi kilichoishi pamoja na kupita pamoja. Kwa maana hiyo ya asili, jamii ya Wamaasai haijakosa karne. Ina karne nyingi, na kila moja ina jina.

Rika la Kimaasai, olaji, huundwa na vijana waliotahiriwa katika vipindi viwili, cha mkono wa kulia na cha mkono wa kushoto, kisha kuunganishwa na kupewa jina moja. Iltalala, Iltuati, Iltareto, Ilterito, Ilnyangusi, Ilseuri: haya si majina ya koo wala ya vita. Ni majina ya wakati. Mzee wa Kajiado anaposema kwamba jambo fulani lilitokea Iltalala walipokuwa morani, ametoa tarehe. Ametaja pia nani aliwajibika, nani alikuwa mzee wa kushauri na nani alikuwa bado mtoto. Namba 1890 haina hata moja kati ya habari hizo.

Wataalamu waliuona utajiri huu, lakini waliuona kama malighafi. H. A. Fosbrooke, katika makala yake ya mwaka 1956, aliuchukua mfumo wa marika kuwa mwongozo wa kupatia kronolojia, na waliomfuata wameendelea kuyageuza marika kuwa miaka kwa kukadiria takriban miaka 15 kwa kila rika. Kazi hiyo ina manufaa, nasi hatuidharau. Ila ina mipaka miwili. Kwanza, iloshon, yaani sehemu za Wamaasai kama vile Ilkaputiei, Ilmatapato, Ilkeekonyokie na Iloodokilani, hazifungui wala hazifungi marika kwa mwaka mmoja. Kosa la mwaka mmoja au miwili kwa kila rika, likizidishwa kwa marika 15 ya kurudi nyuma kutoka Iltalala wa miaka ya 1880, hutupa kati ya miaka 15 na 30. Hapo tumefika katikati ya karne ya 17, na tarehe yetu imekwisha kuwa na upana wa rika zima au hata mawili. Pili, majina hurudi. Tuati wamekuwako zaidi ya mara moja, na Nyangusi vilevile. Kwa mpimaji, kurudi huko ni kero, naye huwatenganisha kwa kuwapa namba. Kwa mhakiki, kurudi huko ni habari: jamii hii ilitaka wakati wake uwe na mwangwi.

Haya si makumbusho. Sherehe za Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr ziliingizwa mwaka 2018 katika orodha ya Unesco ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na Septemba 2020 maelfu ya wanaume walikusanyika katika vilima vya Maparasha, Kajiado, kuuaga umorani kwa Olng'esherr. Kalenda inayoitwa ya "kabla ya ukoloni" ilikuwa ikigeuza ukurasa wake katika mwaka wa korona.

5.0 Nyasi na kishawishi cha tarehe

Ipo njia nyingine ya kuijaza karne ya 17, nayo inapendeza sana siku hizi: sayansi ya tabianchi. Utafiti wa tope la Ziwa Naivasha uliochapishwa mwaka 2000 na Dirk Verschuren na wenzake ulionyesha vipindi vitatu vya ukame mkali katika karne sita zilizopita: takriban 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Naivasha si Kajiado, lakini ni jirani katika Bonde la Ufa, na mfugaji wa nyika za Ilkaputiei hawezi kuyapuuza matokeo hayo.

Yatuambia nini? Kwanza, kwamba mwaka 1600 haukuwa mpaka wa kitu chochote. Ukame uliuanza kabla na kuuvuka. Kama tunataka kipindi chenye maana kwa watu wa ng'ombe, basi kitaanzia karibu 1620 na kwenda hadi karibu 1760: miaka 140 hivi ya mvua na malisho bora kati ya njaa mbili. Hiyo ndiyo "karne" ambayo nyasi zenyewe zingeihesabu, nayo haikai ndani ya ile ya 17 wala ya 18.

Hata hivyo tujihadhari. Wamaasai wana simulizi ya Kerio: watu walikuwa katika bonde lililokauka, wakamwona ndege akibeba nyasi mbichi kinywani, wakajua kwamba juu ya kuta za bonde kuna malisho, wakajenga njia ya kupandia, baadhi wakafika, kisha njia ikakatika na wengine wakabaki. Kishawishi ni kikubwa cha kuiweka simulizi hii kando ya tope la Naivasha na kutangaza kwamba ukame wa Kerio ni ule wa 1560 hadi 1620. Tunawasihi wenzetu wasifanye hivyo. Watafiti wa Naivasha walikwisha kuyalinganisha matokeo yao na masimulizi yaliyopewa miaka kwa kukadiria urefu wa vizazi. Tukiyathibitisha masimulizi kwa tope, na tope kwa masimulizi, tutakuwa tunazunguka mti uleule tukidhani tunasafiri.

Zaidi ya hayo, simulizi ya Kerio haisemi ni lini. Inasema wakati huanza vipi. Katika masimulizi mengi ya chimbuko, wakati huanza kwa neno la muumba au kwa upanga wa shujaa. Hapa unaanza kwa unyasi mmoja katika mdomo wa ndege, yaani kwa ishara iliyosomwa vizuri. Na jamii inazaliwa katika kitendo kilekile kinachowatenga walioachwa bondeni. Hilo ni wazo zito kuhusu historia: kwamba kila mwanzo una watu waliobaki upande wa pili wa njia iliyokatika. Anayeibandika tarehe kwa haraka hupata namba na kulipoteza wazo.

6.0 Madhara

Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani idara ya fasihi ikitumia kalenda yoyote ile? Hasara ipo, na ilikwisha kulipwa kwa ardhi.

Mwaka 1904 na tena 1911 serikali ya Waingereza ilifanya mapatano na viongozi wa Kimaasai, na kwa mapatano ya pili Wamaasai wa kaskazini wakahamishwa kutoka Laikipia hadi hifadhi ya kusini, ambayo sehemu yake ni Kajiado ya leo. Ole Njogo na wenzake walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mikataba na watu wasio raia wa Mwingereza, kwa hiyo nje ya uwezo wa mahakama. Iangalieni hoja hiyo kama wahakiki. Inawapa Wamaasai udola kwa muda wa kutia alama kwenye karatasi tu. Kabla ya 1904 hawana wakati unaosikika mahakamani. Baada ya 1911 hawana haki inayosikika. Historia yao yote imebanwa katika miaka saba.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Sheria ya mwaka 1968 iliyawezesha makundi ya wafugaji kuandikishwa kama wamiliki wa ranchi za pamoja. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Leo Kitengela ni mji wa magorofa na maduka, na hatimiliki ndiyo utanzu unaosomwa sana huko. Kila hatimiliki ina tarehe, na tarehe hiyo hujifanya kuwa mwanzo. Lakini jina Kajiado lenyewe linatokana na Olkejuado, mto mrefu. Ni sentensi fupi ya Kimaasai kuhusu mahali pa maji, iliyoandikwa vibaya na karani na kubaki kwenye ramani. Maelezo yaliyomo ndani ya jina hilo yametangulia hati zote za kaunti ile. Anayefundisha kwamba mahali hapo hapakuwa na wakati kabla ya Thomson anaidhinisha, atake asitake, mantiki ya karani.

7.0 Pingamizi na hitimisho

Pingamizi zito tunalolitarajia ni hili: bila kalenda moja hakuna ulinganishi, na bila ulinganishi hakuna taaluma. Tunalikubali nusu. Kalenda ya pamoja inafaa kama lugha ya kufasiria. Tunapoandika kwamba Iltalala walikuwa morani katika miaka ya 1880, tumefasiri, na kila tafsiri njema huacha asili isikike. Kosa huanza pale tafsiri inapokaa kwenye kiti cha matini asilia na kuitangaza matini hiyo kuwa tupu.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, kwa wanaotaka tuitupe karne kabisa na kubaki na "wakati wa Kiafrika" usio na miaka. Hilo tunalikataa lote. Huo nao ni mfuko uleule wa "kabla ya ukoloni", ila umeshonwa upya kwa kitambaa cha sifa. Jamii iliyohesabu marika kwa uangalifu kiasi hicho haistahili kuambiwa kwamba haikujali lini.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba tasnifu yoyote kuhusu fasihi simulizi ya Kajiado itaje rika la msimulizi na marika yanayotajwa ndani ya simulizi, kabla ya kutaja mwaka. Kwamba pale mwaka unapotajwa, upana wa kosa lake utajwe pia. Na kwamba istilahi "kabla ya ukoloni" isikubaliwe tena na watahini kama tarehe. Aidha, kozi ya fasihi ya ulimwengu inapofika karne ya 17, mhadhiri aeleze kwamba miaka 1601 hadi 1700 ni dirisha lililofunguliwa na watu fulani, kwa sababu fulani, upande fulani wa nyumba. Msimuliaji wa Ilkaputiei hakuwahi kukaa gizani. Sisi ndio tulioketi upande usio na dirisha, tukakiandika kivuli chetu kuwa historia yake.